Taya likikaza baada ya mionzi: vijiti vya mbao, kifaa cha mkono au springi?

Baba alimaliza vikao 35 vya mionzi ya saratani ya koo, kwenye tezi la upande wa kushoto, nasi nyumbani tukashukuru. Miezi minne baadaye, akinywa uji asubuhi, kijiko kikagonga meno. Akakigeuza ubavu, kikaingia. Wiki mbili zilizofuata hata ubavu haukutosha, akaomba kijiko cha chai. Jirani mmoja alipomwona akasema hii ni pepopunda. Mwingine akaninong'oneza uani kwamba ugonjwa umerudi.

Haikuwa pepopunda wala saratani. Taya lilikuwa limekazwa na mionzi ileile iliyomponya. Hospitali tuliyotibiwa ilitueleza habari za vidonda vya mdomoni, ukavu wa mate na ngozi ya shingo kuungua. Habari za taya hatukuambiwa, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu miezi ile minne ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko yote iliyofuata.

Nawaandikia walio pale tulipokuwa sisi: daktari amesema "fanya mazoezi ya taya", hakusema yapi, na kwenye simu umeona kifaa kinachouzwa mamia ya dola. Je, ukinunue? Au vijiti vya mbao vya duka la dawa vinatosha?

Pima kabla ya kuchagua

Chukua rula ya plastiki. Mgonjwa akae wima, afungue mdomo kadiri awezavyo, nawe upime kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya jino la mbele la chini. Rudia mara tatu, uandike kipimo kikubwa pamoja na tarehe. Wataalamu wa Groningen, Uholanzi, walipendekeza mwaka 2006 kwamba kwa mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, chini ya milimita 35 kuhesabiwe kuwa taya limekaza, na kipimo hicho ndicho kinachotumika sehemu nyingi hadi leo. Kama huna rula, tumia vidole vya mgonjwa mwenyewe: mtu mzima mwenye taya zima huingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia viwili tu, anza kazi. Kikiingia kimoja, umechelewa, lakini bado kuna la kufanya. Baba alikuwa na kimoja na nusu: milimita 22.

Kipimo hiki kitakusaidia pia kuchagua njia, maana mdomo wa milimita 33 na mdomo wa milimita 12 havitibiwi kwa kitu kimoja.

Ni nini hasa kimekaza

Kila upande wa uso una misuli minne mikubwa ya kutafunia. Mmoja uko shavuni, utausikia ukivimba ukiuma meno. Mwingine umetandaa panjani. Miwili iliyobaki imejificha ndani, nyuma ya meno ya mwisho, karibu kabisa na tezi za koo na nyuma ya pua. Ndiyo maana saratani za sehemu hizo, pamoja na za shavu na za nyuma ya ulimi, ndizo zinazoongoza kwa kukaza taya: mionzi inayolenga uvimbe hupita ndani ya misuli hiyo au kandokando yake. Dozi kamili kwa kawaida ni grei (kipimo cha mionzi) 66 hadi 70, grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba. Msuli uliopata zaidi ya grei 40 huanza kuingia hatarini, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo hatari inavyopanda.

Baada ya mionzi, nyama laini ya msuli hubadilishwa taratibu na nyuzi ngumu za kovu. Kovu halivutiki kama msuli. Mgonjwa anapoona mdomo unauma anaacha kuufungua, na kiungo cha taya mbele ya sikio nacho, kisipotembea, hukauka na mfuko wake hufupika. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayoshikana: msuli uliogeuka kovu na kiungo kilichokaa bila kazi. Kupungua huku kwa kufunguka kwa mdomo huwa kwa kasi zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa tisa baada ya mionzi kwisha, kisha huendelea polepole kwa miaka. Miezi hiyo tisa ndiyo dirisha lako.

Kwa wenzetu wa pwani nina neno moja la ziada. Aliyetafuna tambuu yenye popoo kwa miaka mingi anaweza kuwa na makovu chini ya ngozi ya ndani ya mashavu kabla hata ya saratani kugunduliwa. Mwambie daktari, usione haya, kwa sababu mtu huyo anaingia kwenye mionzi taya likiwa tayari na deni.

Kabla ya kijiti wala kifaa

Taya likianza kufunga ghafla, au likifunga upya baada ya kuwa limetulia, usinunue kitu. Rudi kwanza kwa daktari. Saratani iliyorudi hufunga taya. Jino bovu na usaha hufunga taya. Mfupa wa taya uliokufa kwa sababu ya mionzi hufunga taya pia, na ukiulazimisha kwa mazoezi unaweza kuvunjika. Dalili za kutokungoja ni maumivu yanayoongezeka usiku, uvimbe mpya, harufu mbaya, usaha, ganzi kwenye mdomo wa chini, au mfupa kuonekana ndani ya kinywa. Pepopunda nayo haifanani na hali hii: huja kwa siku chache tu, ikakaza shingo na mwili pamoja na taya, na mtu huyo anakimbizwa hospitali saa ileile.

Baba alichunguzwa kwa kamera ya koo na picha ya taya. Vyote vilikuwa safi. Hapo ndipo tulipoanza kulinganisha.

Vidole vyako mwenyewe

Njia ya kwanza haina gharama. Unaweka kidole gumba kwenye meno ya juu na cha shahada kwenye meno ya chini, vimepishana kama mkasi, kisha unasukuma taratibu. Pamoja na hayo unapeleka taya kushoto, kulia na mbele.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kufanya popote, hata kwenye daladala, na inafanyisha kiungo kazi ya pande zote. Hiyo ya kwenda kushoto na kulia vijiti haviwezi kabisa, kwa hiyo hata ukichagua njia nyingine, usiiache hii. Udhaifu wake ni nguvu na muda. Vidole huchoka haraka, na mtu anayeumia hujihurumia bila kujua. Kwa aliye bado juu ya milimita 35 na anataka kubaki hapo, inatosha. Kwa kuvuta kovu lililokwisha kukomaa, sikuona ikifanya mengi.

Vijiti vya mbao

Hivi ni vile bapa ambavyo daktari hukandamizia ulimi akikagua koo. Duka la dawa huviuza kwa boksi, na boksi la vijiti 100 kwa wengi wetu ni pesa ndogo kuliko nauli ya kwenda kliniki na kurudi. Kila kimoja kina unene wa karibu milimita moja na nusu hadi mbili. Hesabu ni rahisi: vijiti kumi na vitano hivi vinakaribia milimita 25.

Namna yake ni hii. Panga vijiti vinavyoingia bila taabu, viweke kati ya meno, kisha chomeka kimoja zaidi katikati ya rundo, taratibu, mpaka usikie mvuto. Hesabu sekunde 30, toa, pumzika, rudia. Baada ya siku kadhaa kile cha ziada kitaingia bila ubishi, nawe utaongeza kingine. Hapo ndipo vijiti vinaposhinda kila kitu kwa moyo wa mgonjwa: maendeleo anayahesabu mwenyewe. Baba alianza na kumi na viwili. Jioni aliyoingiza cha kumi na tatu alimwita mama kutoka jikoni aje ahesabu.

Vilevile vijiti vinaingia hata pale ambapo mdomo umefunga sana. Mwenye nafasi ya milimita nane huenda asiweze kuingiza midomo ya kifaa, lakini vijiti vitatu au vinne vitaingia.

Sasa udhaifu. Uzito wote unaangukia meno mawili au manne ya mbele. Yakiwa yanacheza, usiyaguse. Gawa vijiti mafungu mawili, uweke nyuma kidogo kushoto na kulia ili mzigo ugawanyike. Mate ya mtu aliyepigwa mionzi ni machache, na mbao kavu hunasa kwenye ngozi ya mdomo na kuichubua, kwa hiyo viloweshe kwa maji safi kwanza. Usitumie vya aiskrimu vyenye vibanzi, wala mpini wa kijiko. Nimeona mtu aliyetumia mpini wa kijiko cha chuma akavunja jino, na jino la mtu aliyepata mionzi si jambo la kung'oa kiholela.

Kifaa cha kubana kwa mkono

Kinachojulikana zaidi ni TheraBite cha kampuni ya Atos Medical ya Uswidi. Kina midomo miwili bapa yenye sponji, ya juu na ya chini, na mpini. Ukibana mpini, midomo hiyo inatanuka na kufungua taya. OraStretch cha Marekani hufanya kazi inayofanana.

Tofauti yake na vijiti ipo katika mambo matatu. Kwanza, kinafuata njia ya taya lenyewe. Taya haliteremki wima kama droo. Linazunguka na kuteleza mbele, na kifaa hiki kimeundwa kufuata mzunguko huo. Pili, mzigo unasambaa kwenye meno mengi, au kwenye ufizi kwa asiye na meno akiwekewa sponji zinazofaa. Tatu, na hili kwa macho yangu ni kubwa kuliko mengine mawili, mgonjwa ndiye anayeshika breki. Akilegeza vidole, mvuto unaisha papo hapo. Kijiti kilichobana kwenye rundo lazima kichomolewe, na mtu mwenye hofu ya kuzibwa mdomo hubabaika.

Ubaya wake ni bei. Ni mamia ya dola, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kimekusudiwa mgonjwa mmoja, na sponji zake huchakaa, zikahitaji kuagizwa tena. Pia kinadai mkono wenye nguvu. Mzee mwenye baridi yabisi ya vidole, au aliyepooza upande mmoja, atakibana mara mbili kisha akiweke kabatini.

Ratiba inayotolewa mara nyingi ni kunyoosha mara 5, kila mara sekunde 30, kwa vipindi 5 kwa siku. Ratiba hiyohiyo unaweza kuifuata kwa vijiti.

Kifaa cha springi

Dynasplint, pia cha Marekani, kimejengwa kwa wazo jingine. Badala ya kuvuta kwa nguvu kwa muda mfupi, springi huvuta kidogo kwa muda mrefu. Unakiweka mdomoni nusu saa, mara tatu kwa siku, na nguvu ya springi huongezwa baada ya wiki kadhaa taya likishazoea.

Kovu hupenda mvuto wa polepole, hilo ni kweli kwa goti na kwa kidole pia, na wazo hilo naliheshimu. Asiye na nguvu za mkono hunufaika nacho zaidi. Lakini fikiria siku yenyewe: saa moja na nusu ya kukaa mdomo wazi, hauongei, mate yanatiririka au koo linakauka. Mfanyabiashara wa sokoni hataweza. Mstaafu anayesikiliza redio barazani anaweza. Bei yake ni kubwa, na kwa Afrika Mashariki sikuona sababu ya kukihangaikia kabla ya njia nyingine kushindwa.

Kuna na koni ya parafujo, kipande cha plastiki ngumu chenye nyuzi ambacho fundi wa maabara ya meno anaweza kukitengeneza. Unakizungusha kati ya meno ya nyuma kikazidi kuingia. Ni rahisi kupatikana, lakini parafujo haina huruma: nusu mzunguko wa ziada unavunja jino kabla maumivu hayajakuonya. Ukitumia, tumia chini ya macho ya daktari wa meno.

Ushahidi unasema nini vikiwekwa ana kwa ana

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 21 waliokazwa na mionzi katika makundi matatu: mazoezi matupu, mazoezi na vijiti, mazoezi na TheraBite. Baada ya wiki kumi kundi la kifaa lilikuwa limeongeza wastani wa milimita 13.6, mazoezi matupu 6.0, na vijiti 4.4. Takwimu hizi ndizo utakazozikuta kwenye kila tangazo la kifaa, na ukiishia hapo utauza mbuzi ili ukinunue.

Lakini gawa 21 kwa tatu. Ni wastani wa watu saba tu kwa kundi.

Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya jaribio lililoongozwa kutoka Manchester, Uingereza, lenye wagonjwa 71 wa saratani ya kinywa na koromeo hatua ya 3 na ya 4. Nusu walipewa TheraBite, nusu vijiti vya mbao, kwa kura. Baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa yamefungua mdomo zaidi, na tofauti kati yao haikuwa ya maana kitakwimu. Kifaa cha mamia ya dola hakikuonekana kushinda kijiti.

Huko Göteborg, Uswidi, walipima jambo jingine. Waliwapa wagonjwa waliokwisha kukaza ratiba kamili ya wiki kumi, yenye kifaa na mtu wa kuwafuatilia, kisha wakawalinganisha na waliofanana nao ambao hawakupewa ratiba hiyo. Waliofanya mazoezi waliongeza wastani wa zaidi ya milimita 6. Wengine hawakuongeza hata milimita moja.

Nikiziweka tafiti hizi pamoja, naona kwamba pengo kubwa haliko kati ya mbao na plastiki. Liko kati ya anayefanya kila siku akifuatiliwa na asiyefanya. Milimita 6 hazionekani nyingi kwenye rula, lakini mezani ni tofauti ya kunywa supu kwa mrija na kula wali na samaki, na ni tofauti ya mswaki kufika meno ya nyuma au kutofika.

Kwa hiyo nani achukue nini

Kama mdomo uko juu ya milimita 35 na mionzi imekwisha karibuni, tumia vidole mara kadhaa kwa siku na rula kila Jumapili. Kipimo kikishuka kwa milimita tatu au nne, usisubiri kliniki ijayo, ongeza vijiti.

Kama uko kati ya 15 na 35, na meno ya mbele ni imara, mimi ningeanza na vijiti leo hii, kwa wiki sita hadi kumi, mara tano kwa siku. Usiuze kitu. Kama baada ya muda huo umefanya kweli na rula haijasogea, hapo pesa ya kifaa ina hoja. Vilevile ina hoja mapema zaidi kwa mtu ambaye meno yake ya mbele yanacheza au hayapo, mwenye hofu kubwa ya kuchomeka vijiti, au mwenye ndugu ughaibuni anayeweza kukinunua bila kuifilisi familia. Hilo la mwisho nalisema bila kuona aibu, kwa sababu ndivyo vifaa vingi vinavyofika kwetu.

Chini ya 15, anza na vijiti vichache huku ukimwona mtaalamu wa viungo au wa meno, maana hapo kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kukutana na mambo ambayo mazoezi peke yake hayayawezi.

Mwenye meno ya bandia ya kuvua aulize kwanza. Ufizi ulio juu ya mfupa uliopigwa mionzi ukichubuka unaweza kukataa kupona, na kidonda kidogo kikawa mlango wa mfupa kuoza. Aliyefanyiwa upasuaji wa kuhamishiwa nyama kinywani naye asubiri ruhusa ya mpasuaji.

Kuhusu maumivu, mvuto ni sawa, kisu si sawa. Baba alimeza paracetamol nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza cha asubuhi, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote kwa sababu taya limelala usiku kucha. Kitambaa cha uvuguvugu shavuni kwa dakika kumi kinalegeza, ila ngozi iliyopata mionzi haisikii moto vizuri, kwa hiyo mwingine ajaribu kwa mkono wake kwanza. Wakati mionzi yenyewe inaendelea usiweke kitu cha moto kabisa. Maumivu yakibaki mpaka kesho yake, punguza kijiti kimoja, usiache.

Dawa, sindano na kisu

Nitapita hapa haraka kwa sababu ni za wachache. Pentoxifylline, dawa ya kusaidia damu kupita kwenye mishipa midogo, ilijaribiwa Hong Kong kwa wagonjwa wachache wa saratani ya nyuma ya pua kwa wiki nane, na mdomo ukaongezeka kwa wastani wa milimita 4. Ni dalili njema, si ushahidi wa kutosha, na haifai kwa kila mtu, hasa mwenye historia ya kuvuja damu. Sindano ya botulinamu kwenye msuli hupunguza maumivu na mikazo, lakini haifungui mdomo. Ikiwa maumivu ndiyo yanayokuzuia kufanya mazoezi, inaweza kukusaidia kwa njia hiyo.

Kufunguliwa taya kwa nguvu ukiwa umelazwa usingizi huleta faida inayopotea upesi na kuna hatari ya kuvunja mfupa. Upasuaji wa kukata kile kipande cha mfupa ambacho msuli wa panjani hujishikiza husaidia baadhi ya waliokwama, ila ni kisu ndani ya nyama iliyochomwa na mionzi, kupona ni kwa shida, na mazoezi yanarudi palepale siku chache baadaye. Asiyefanya vijiti kabla ya upasuaji hataponywa na upasuaji.

Kwa ambaye bado hajaanza mionzi

Yako ni nafasi ambayo sisi hatukuipata. Omba upimwe mdomo kabla ya kikao cha kwanza, namba iandikwe kwenye faili. Uliza kama mashine itatumia IMRT, njia ya kuichonga mionzi ifuate umbo la uvimbe. Zamani, na bado katika baadhi ya vituo, mionzi ilitoka pande mbili za uso ikapita moja kwa moja kwenye misuli ya kushoto na kulia. IMRT imepunguza visa vya taya kukaza. Ukiwa mahali penye mashine hiyo, mwombe daktari wa mionzi aangalie dozi ya misuli ya kutafunia inapowezekana bila kuuonea huruma uvimbe. Kutibu saratani kunabaki kuwa mbele.

Meno mabovu yang'olewe wiki mbili au tatu kabla, ufizi upate kufunga. Kung'oa baada ya mionzi kunaweza kuuamsha ule mfupa kuoza, na mdomo uliokaza humzuia daktari wa meno hata kuona.

Je, ufanye mazoezi wakati wa mionzi? Majaribio ya Skandinavia ya kuwapa wagonjwa wote mazoezi ya kinga hayakuonyesha faida ya wazi kwa wote, na wiki ya tano vidonda vya mdomo huwa haviruhusu mengi. Mimi ningefungua mdomo kwa upole kila siku bila kifaa chochote, kisha nianze kazi ya kweli vidonda vikishapona.

Baba sasa yuko kwenye vijiti kumi na tisa. Rula inasema 34. Tulichelewa, na milimita moja iliyobaki kufika 35 imekataa kwa miezi miwili. Akiacha siku nne, kama alivyofanya wakati wa msiba wa shangazi, anarudi kumi na saba, kisha anahitaji siku kumi kufidia. Vijiti vyake viko kwenye kikombe kando ya redio, vimefungwa mpira, na boksi jipya liko juu ya kabati.